Mwalimu mgeni wa shule ya bweni China: julikana kwanza kwa chaki, kamera ifuate

Ukipata kazi kwenye shule ya bweni China na unapenda kupiga picha, majuma ya mwanzo iache kamera chumbani. Mwafrika akiingia langoni hutazamwa na kila mtu, na akiingia na kamera shingoni atajulikana kama mpiga picha kabla hajajulikana kama mwalimu. Subiri mpaka mlinzi wa getini akuite mwalimu. Kuanzia hapo kila ombi lako litasikilizwa kwa sikio jingine.

Habari ya karatasi nitaipitia upesi. Ingia kwa viza ya Z, yaani ya kazi, si ya utalii, hata wakala akikuapia kwamba mambo yatarekebishwa ukishafika. Ndani ya saa 24 uandikishwe polisi mahali unapokaa, na ndani ya siku 30 uombe kibali cha ukaazi. Nakala za hati hizo zitunze wewe mwenyewe.

Aliyesoma bweni kwetu ataitambua ratiba: kengele ya alfajiri, usomaji wa asubuhi, prepo ya usiku. Kinacholemea ni urefu wake. Huku Shaoxing, mkoani Zhejiang, nilikofundisha hisabati, mwanafunzi wa sekondari ya juu huwa dawatini mpaka karibu saa nne usiku. Shule nyingine huwaruhusu kwenda nyumbani kila wiki, nyingine kila baada ya wiki mbili. Sikukuu nazo zina deni lake: serikali hupanga siku za kufidia, ukajikuta Jumapili unafundisha vipindi vya Jumatatu. Usikate tiketi ya treni kabla ratiba ya shule haijatoka, na mara nyingi hutoka imechelewa.

Mtu wa kumshika ni mwalimu wa darasa. Mkuu wa idara atakupa mkataba na mtaala, lakini mwalimu wa darasa ndiye anayejua nani hakulala, nani wazazi wake wanafanya kazi mkoa wa mbali, nani amenyamaza tangu matokeo ya mwezi yabandikwe. Muite kwa jina la ukoo ukifuatisha "laoshi", yaani mwalimu, kama walimu wenyewe wanavyoitana. Kaa naye meza moja kantini. Nimejifunza mengi juu ya wanafunzi wangu kwenye sahani ya wali kuliko kwenye kikao chochote.

Baada ya chakula cha mchana shule nzima hulala. Wengine huenda bwenini, wengine huinamisha kichwa dawatini, na ua wote unatulia. Saa hiyo, kama huna zamu, ni yako. Usiimalize kwa kusahihisha madaftari. Nimeona walimu wageni wanaolala, kula na kufundisha ndani ya ukuta mmoja, na ikifika baridi ya Desemba wamechoka roho kabisa. Kamera ina faida hii kubwa kuliko zote: inakupa sababu ya kutoka getini.

Na ukitoka, nenda karibu. Shaoxing ni mji wa mifereji, na jua la mchana likiwa kali, vichochoro vyake vyenye kuta nyeupe na vigae vyeusi vinakupa kivuli laini. Daraja la Bazi lina maandishi ya mwaka 1256, na watu bado wanapita juu yake wakitoka sokoni. Rudi hapo hapo tena na tena. Salimia, onyesha kamera kwa ishara, ngoja kichwa kiitikie. Wazee huniuliza natoka wapi kabla hawajaniuliza napiga nini, na mazungumzo hayo nayathamini kuliko picha yenyewe.

Kama umepangiwa kwingine, jifunze kwanza jua la huko. China nzima hufuata saa ya Beijing, hivyo mwezi Juni Harbin, kaskazini-mashariki, hupambazuka kabla ya saa kumi alfajiri, wakati Urumqi, magharibi ya mbali, jua huzama karibu saa nne usiku. Ndani ya madarasa, taa zikiacha mistari kwenye picha, weka kasi ya shata 1/50 au 1/100, kwa sababu umeme wa China ni wa hezi 50. Na Juni mpaka mapema Julai, bonde la mto Yangtze hupata mvua za mfululizo; lenzi itashika kuvu usipoifungia kwenye kopo lisiloingiza hewa pamoja na pakiti za silika zinazofyonza unyevu.

Ukianza kusifiwa, utaombwa upige harusi kwa malipo. Kataa. Kibali chako ni cha kufundisha kwa mwajiri mmoja. Kazi nje ya kibali hutozwa faini ya yuani 5,000 hadi 20,000, na kosa zito huongezewa kifungo cha siku kadhaa.

Kuhusu wanafunzi, hapa nasisitiza. Tangu Novemba 2021 sheria inataka idhini ya mzazi kwa taarifa binafsi za mtoto aliye chini ya miaka 14, na sura yake ni mojawapo. Mimi hufuata utaratibu huo huo hata kwa wakubwa: namwomba mwalimu wa darasa, naye anawauliza wazazi. Bwenini sipigi kamwe, na mtandaoni siweki uso wa mwanafunzi.

Badala yake, chapisha picha kwenye karatasi. Mwaka 2021 Wizara ya Elimu ilielekeza kwamba wanafunzi, kimsingi, wasiingie na simu shuleni, kwa hiyo watoto hawa hupitisha majuma bila picha hata moja ya marafiki zao. Siku ya michezo ndiyo nafasi nzuri, maana wako nje, wanacheka, na walimu wamelegea. Chapisha nakala mbili za kila picha, andika jina na tarehe nyuma kwa penseli laini, kisha mpe mwalimu wa darasa azigawe: moja ya mtoto, nyingine aipeleke nyumbani.