Mamangu ana sukari na ameambiwa apigwe leza ya macho, je ataona kama zamani?

SWALI: Asalaam aleikum daktari. Mimi msomaji wenu wa Likoni. Mamangu ana miaka 58 na sukari anayo miaka 14 sasa. Mwezi uliopita akaanza kuona vitu kama nyuzi nyeusi zinaelea, tukampeleka kliniki ya macho wakasema sukari imeharibu retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha, mishipa mipya imeota huko nyuma na yavuja damu, apigwe leza macho yote mawili. Sasa jirani amemwambia leza ndiyo iliyompofusha mumewe, na mama hataki hata kusikia. Je ni kweli? Na baada ya miaka mingi macho huwa vipi?

JIBU: Waaleikum salaam mwanangu, na pole kwa mama. Nianze na huyo jirani manake hapo ndipo wengi hukwama. Mgonjwa wa sukari hukaa nyumbani mpaka jicho limejaa damu au kovu limeanza kuivuta retina, ndio aende, apigwe leza akiwa ameshachelewa, jicho likizima lawama yote inaenda kwa leza. Mimi sijui ya huyo mzee, lakini nimeona hivyo mara nyingi na huniuma sana.

Mwambie mama hivi. Sukari ikikaa mwilini miaka mingi huziba vile vimishipa vidogo vya retina, retina ikikosa hewa inaanza kulilia damu, basi mwili unaotesha mishipa mipya, ila hiyo ni dhaifu, inapasuka ovyo, na hizo nyuzi anazoziona ni damu hiyo. Leza inachoma vidoa vidogo vidogo pembeni mwa retina, mara nyingi zaidi ya 1,000 kwa kila jicho, ile sehemu ya katikati tunayosomea na kutambulia sura za watu haiguswi. Pembeni pakishachomwa hapahitaji tena hewa nyingi, kile kilio kinapungua, na mishipa mibaya inanyauka.

Kwa hivyo leza kazi yake ni kulinda macho aliyo nayo leo, si kumrudishia ya ujanani. Hili mwelezeni kabla hajalala kitandani, kwa sababu akienda akitarajia kuona kama zamani atarudi akisema nimedanganywa.

Na inafanya kazi, si maneno tu. Kule Marekani miaka ya 70 walichukua wagonjwa zaidi ya 1,700, jicho moja likapigwa, la pili likaachwa, na yale yaliyopigwa upofu mkubwa ulipungua kwa zaidi ya nusu, mpaka mwaka 1976 wakaamua hata yale yaliyoachwa yaruhusiwe kutibiwa. Mishipa ikishatulia mara nyingi hutulia miaka na miaka, ingawa wengine huongezewa duru nyingine.

Bei yake ipo, siwezi kukuficha. Usiku ataona kwa shida zaidi, akitoka juani kuingia chumba chenye giza macho yatachelewa kuzoea, na kwa pembeni uoni hupungua kiasi, basi akivuka barabara ageuze kichwa vizuri, tuktuk zetu mnazijua. Wiki za mwanzo anaweza kuona ukungu. Hayo ya usiku na pembeni mara nyingi hubaki.

Kuna na sindano za ndani ya jicho, nazo ni nzuri, utafiti wa miaka 5 ulionyesha uoni wa katikati unakaribiana na wa leza na pembeni hupungua kidogo kuliko kwa leza. Lakini sindano zataka kurudi karibu kila mwezi mwanzoni, na mtu akipotea miezi kadhaa mishipa hurudi kwa nguvu, wa leza akipotea huwa na nafuu. Mkijijua nauli na feri zitawashinda, mimi ningechagua leza, ila muulizeni daktari wake kama katikati ya retina imevimba, hapo huenda akahitaji vyote viwili.

Sukari na presha zisiposhikwa leza haitamaliza kazi peke yake. Siku ya kwenda asiende peke yake, yale matone hupanua mboni na mwanga humuumiza, mchukulieni miwani ya jua. Na wakati wowote akiona nyuzi zimeongezeka ghafla, mimweko, au kama pazia linashuka, ni hospitali siku hiyo hiyo, asingoje Jumatatu.

SWALI: Hii leza ndiyo ile ya kuacha miwani? (Msomaji, Kisauni)

JIBU: Hapana ndugu yangu. Ile inachonga kioo cha mbele cha jicho, hii inachoma retina iliyo nyuma kabisa. Mgonjwa wa sukari asiende kuulizia ile akidhani atatibiwa hii.