Sabufa sio okestra: majibu ya maswali yenu ya spika

Meseji zimejaa tena na nusu yake ni lile lile la "wati ngapi". Leo najibu matano.

Fundi, nataka kusikiliza mziki wa klasiki nyumbani, ninunue sabufa ya wati ngapi?

Usinunue sabufa. Haya naeleza tena, ya mwisho hii. Zile wati 10,000 PMPO za kwenye boksi ni porojo, tafuta palipoandikwa RMS, yaani nguvu ya kweli inayotoka mfululizo, na hata hizo ukizidisha mara mbili unaongeza desibeli 3 tu (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), sikio linashtuka kidogo basi. Sabufa za madukani zimetengenezwa kwa ajili ya singeli, chini zinanguruma, juu zinachoma, katikati hamna kitu, na violini na waimbaji ndo wanakaa huko katikati. Chukua spika mbili ndogo za koni (ile sehemu ya mbele inayotetemeka) ya inchi 5 au 6.5 na amplifaya ya wati 40 za kweli, sebule ya kawaida inatosha na chenji inabaki.

Sisi wanakwaya tunajifunza Haleluya ya Handel, sauti ya besi haisikiki na tumefungulia besi mpaka mwisho.

Ndo mnaizika hivyo. Muimbaji wa besi akishuka sana anafika kama hezi 80 (hezi ni mitetemo kwa sekunde, zikiwa chache sauti ni nzito), matamshi yake yako juu zaidi, nyie mnaongeza mngurumo. Rudisheni kitufe katikati. Na acheni kaspika kamoja ka Bluetooth, sauti zote nne zinatoka tundu moja mtazitenganishaje?

Nimeona amplifaya ya mtumba kutoka Japani, bei poa, nichukue?

Geuza nyuma usome kwanza. Umeme wa Japani ni volti 100, wetu 230, na ile plagi ya kubadilisha pini haibadilishi volti hata moja, nasema hivi kwa uchungu maana mimi mwenyewe niliunguza moja kwa kumsikiliza muuzaji aliyeniapia "hii inakula umeme wowote mkuu", moshi ulitoka kabla sijakaa. Ikiwa na swichi ya kuchagua volti, sawa. Ikiwa haina, hesabu na transfoma ya kushusha, yenye uwezo kuzidi ule unaoliwa na mashine, maana ndogo itachemka. Ukichukua na spika zake, bonyeza taratibu ule mpira laini unaozunguka koni, ukiwa wa sponji huwa unaoza, ukimeguka kidoleni rudisha.

Waya wa spika wa laki tatu unasaidia?

Unamsaidia anayeuza.

Bolero ya Ravel mwanzo siisikii, nikiongeza mwisho inanipasua masikio. Spika mbovu?

Spika nzima kabisa. Inaanza na kangoma kadogo, inakuja kuisha baada ya kama dakika 15 na okestra yote, ndivyo ilivyotungwa. Nyie mmezoea nyimbo zilizobanwa zote zikae juu muda wote. Wewe pima sauti kwa ile sehemu ya mwisho kisha usiiguse, zima feni, funga dirisha. Na kama sebule ni marumaru na vioo vitupu tandika zulia, weka mapazia mazito, sogeza spika mbali kidogo na ukuta, hiyo hela ndogo inafanya kazi kuliko kubadili mashine. Jogoo wa jirani hilo mtaongea wenyewe.