IST inamisi asubuhi ya baridi: kabla ya kununua nozeli

Ndugu, umesema Toyota IST yako ikilala nje kwenye baridi ya Njombe, asubuhi inatetemeka na kumisi (silinda fulani haichomi petroli vizuri) dakika mbili tatu, ikipata moto inatulia, na fundi anataka ubadilishe nozeli (vinyunyizio vya petroli) zote. Tafadhali usitoe hela hiyo bado.

Kama injini ni 1NZ-FE, ina silinda 4, kila moja na koili yake (inayoipa plagi umeme wa cheche) juu ya plagi. Ipimwe kwa mashine ya kusoma kodi za makosa. Ikisoma P0302, silinda ya 2 ndiyo inayomisi. Hamishia koili ya hapo silinda ya 3, ya 3 iende ya 2, futa kosa, liache gari lilale, uwashe asubuhi. Ikija P0303, koili ndiyo mbovu. Nunua hiyo moja tu. Ikibaki P0302, chomoa plagi. Shimo la plagi likiwa na oili, gasketi ya kava la juu inavuja. Ncha ikiwa imelika, badilisha plagi zote 4. Nozeli zifuate baada ya hapo, nazo kwa kuhamisha vilevile.

Kinachonitia wasiwasi ni maji ya rejeta. Je, yanapungua bila kuvuja nje? Plagi ikitoka na unyevu wa kulanti (hayo maji ya rejeta), na moshi mweupe haukatiki hata injini ikipata moto, gasketi ya silinda hedi inapitisha maji hayo ndani ya silinda. Usiliendeshe tena mpaka hedi ifunguliwe. Rejeta ifungue injini ikiwa imepoa kabisa.

Na taa ya injini ikimetameta safarini, punguza mwendo usimame: petroli isiyoungua inaharibu katalisti (kisafisha moshi kwenye ekzosi).