Injini inayokohoa ni hatari kuliko iliyozimika

Umeuliza: kama ndege ndogo ya injini moja inaelea vizuri bila injini, mbona watu bado wanakufa injini ikipoteza nguvu? Kwa sababu mara nyingi injini haizimiki kabisa. Inakohoa, mizunguko inashuka, inarudi kidogo, na rubani anaendelea kuisikiliza wakati urefu unaisha.

ATSB, wachunguzi wa ajali za usafiri wa Australia, walipitia matukio ya 2000 hadi 2010 ya ndege nyepesi za injini moja, wakati wa kuruka na mara baada ya kuruka. Mara 242 nguvu zilipungua, mara 75 injini ilikata moja kwa moja. Ajali 9 zilizoua zote zilitoka kundi la kwanza. Injini iliyokufa haikuachii la kuchagua: unashusha pua na kutua mbele yako. Iliyobaki nusu inakushawishi urudi uwanjani. Ukilaza ndege nyuzi 45, kasi ambayo mabawa yanashindwa kuibeba inapanda kwa asilimia 19. Nyuzi 60, asilimia 41. Na ukimaliza nyuzi 180 bado uko pembeni ya njia ya kurukia, inabidi ugeuze tena. Kwa hiyo amua kabla ya kusukuma nguvu, na useme kwa sauti: chini ya urefu fulani, sirudi.

Sasa sababu. Ya kwanza kuishuku, kama injini ina kabureta, ni barafu. Petroli ikigeuka mvuke na hewa ikipita kwenye koo jembamba la kabureta, joto humo linaweza kushuka nyuzi 20 hadi 30 za Selsiasi. Ndiyo maana barafu huganda hata siku ya joto, mradi kuna unyevu, hasa unaposhuka na nguvu kidogo. Kwenye propela isiyobadilika pembe dalili yake ni mizunguko kushuka taratibu bila wewe kugusa kitu. Vuta kitasa cha hewa ya moto ya kabureta mpaka mwisho. Injini itatetemeka na kufanya kazi vibaya zaidi kwa muda, kwa kuwa inameza maji ya barafu inayoyeyuka. Hapo wengi huogopa na kuirudisha. Usirudishe! Tena uivute mapema: joto hilo linatoka kwenye ekzosi, na injini ikishakufa ekzosi inapoa.

Ya pili ni mafuta, na hapa nasisitiza kuliko pote, kwa kuwa ajali hizi huanzia chini kabla ya safari. Usiamini geji, ingiza kijiti tangini. Chota sampuli kwenye kila tundu la chini la kutolea mafuta. Petroli ya ndege 100LL ni ya buluu, na maji hukaa chini yake kama tone lenye mpaka unaoonekana. Mtego ni kwamba kikombe kikijaa maji matupu hakuna mpaka wowote, kwa hiyo kiweke mbele ya kitu cheupe utafute ile buluu. Ukihofia kuwa umewekewa mafuta ya jeti, dondosha tone kwenye karatasi nyeupe: petroli hukauka, mafuta ya jeti huacha duara la grisi.

Angani, kasi ya kuelea kwanza (ndege ya Cessna 172S ni noti 68, kama kilomita 126 kwa saa), kisha mahali pa kutua, halafu ndiyo mikono iende kwenye injini: hewa ya moto, tangi jingine, pampu ya umeme, mchanganyiko mzito (petroli nyingi kwenye hewa), magneto zote mbili (zinazotoa cheche). Piper PA-28 haina mahali pa kufungua matangi yote kwa pamoja kama Cessna 172, hivyo tangi moja hukauka huku jingine limejaa. Ukibadilisha, subiri, mirija ikiwa tupu injini inaweza kuchukua sekunde 10 kushika. Wanaoharakisha hurudisha swichi kwenye tangi tupu kabla mafuta hayajafika.

Ikikataa, acha kuibembeleza. Funga mafuta, zima magneto, shusha flapu (vibao vya nyuma ya mabawa), kisha kata umeme mkuu, maana flapu nyingi zinautegemea. Fungua komeo la mlango kabla ya kugusa ardhi, kwa sababu fremu ikipinda mlango hautafunguka.