Kidonge usichokijua: tafuta jina, usitazame rangi

Dada uliyeuliza kuhusu vidonge vyeupe ulivyovikuta kwenye mkoba wa mama mkwe, bila pakiti: tafadhali usivimeze, hata kama kichwa chakuuma na vinafanana na Panadol.

Weupe na uduara si alama. Parasetamoli (ndiyo Panadol yenyewe), metformini ya kisukari na dawa chungu nzima za presha huwa hivyo hivyo. Ya kuogopwa zaidi ni dawa nyingine ya kisukari iitwayo glibenklamidi, kidonge kidogo cha 5 mg. Asiye na kisukari akikimeza, sukari ya damu huweza kushuka ghafla: atoke jasho, atetemeke, achanganyikiwe, hata azimie, na akishapewa glukosi akazinduka, sukari yaweza kushuka tena saa kadhaa baadaye. Kwa mtoto, kimoja tu ni hatari.

Zile tovuti za Marekani za kutambua kidonge kwa herufi zilizochongwa juu yake ni za dawa za kule, ambako sheria yadai alama. Vingi vinavyouzwa huku vina mstari wa kukatia tu, au havina kitu. Basi hata mfamasia hawezi kukitambua kwa macho. Akikukisia, usimeze.

Ikiwa karatasi yake ya vidonge ipo, geuza upande unaong'aa. Utaona majina mawili: la kibiashara, kubwa, na la dawa yenyewe kwa herufi ndogo, likifuatwa na mg. Shika hilo la pili. Kisha soma namba ya bechi na EXP, yaani tarehe ya mwisho wa kutumia. Ikiandikwa 03/2026, ni mpaka mwisho wa Machi. Kinachoharibu ni mkasi. Ukikatiwa vidonge vinne dukani, jina hubaki kipande kimoja na tarehe kingine. Waambie waandike vyote kwenye bahasha: jina, mg, tarehe. “1x3” peke yake yakwambia mara ngapi, haikwambii unameza nini.

Dawa za jamaa wa ng'ambo nazo zina mtego wake. “Acetaminophen” ya Marekani ndiyo parasetamoli yetu. Ukimeza zote mbili ukidhani ni dawa mbali mbali, waweza kupita gramu 4 kwa saa 24, kiwango cha juu kwa mtu mzima, na ini ndilo litakaloumia. “Glyburide” nayo ni ile ile glibenklamidi.

Joto na unyevu wa Mombasa pia huharibu dawa. Aspirini inayonuka siki imeshaoza, hata kama tarehe haijafika.

Kadi ya kliniki ya mama mkwe itakuonyesha alikuwa akitumia nini, lakini haithibitishi kwamba kidonge ulichoshika ndicho hicho. Vipeleke famasia vikaharibiwe, usivitupe chooni wala jaani penye watoto. Na kama kuna aliyekwisha kumeza, usimtapishe. Mpeleke mara moja Hospitali Kuu ya Pwani au hospitali iliyo karibu, na vidonge vilivyobaki, mkoba na ile kadi uvichukue.