Samaki Aliye Chini ya Mlango: Kwa Wanaoanza Kuwatembeza Watoto Mji Mkongwe

Ukimsimamisha mtoto wa miaka mitano mbele ya mlango wa nakshi katika Mji Mkongwe wa Zanzibar na kumwambia autazame, atautazama kwa pumzi mbili tatu, kisha macho yake yatamfuata paka anayepita barazani. Si kosa lake. Mlango ule ni mrefu kuliko yeye mara mbili au zaidi, umejaa maua, minyororo, maandishi na misumari, na neno "tazama" halimwambii aanzie wapi. Ukimwambia badala yake kwamba kuna samaki amejificha hapo mlangoni, na kwamba unataka kujua nani atamwona, utapata utulivu ambao darasani huupati kwa wiki nzima. Ninawaandikia walimu wapya wa skuli za maandalizi, pamoja na wazazi na wote wanaojitolea kuwatembeza watoto, yale niliyojifunza kwa kuendesha mchezo huu wa kutafuta, ambayo mengi yake niliyajua baada ya kukosea.

Mara ya kwanza nilitayarisha karatasi yenye vitu 12, kila kimoja na jina lake la kitaalamu: kizingiti cha juu, miimo (mbao mbili za wima za pembeni), mfaa, komeo na kadhalika, nikaweka kisanduku cha kutia alama mbele ya kila jina. Nilijivunia karatasi ile. Watoto walikimbia kutoka mlango hadi mlango wakitia alama, aliyemaliza kwanza akashangiliwa, waliobaki nyuma wakaanza kunakili alama za mwenzao, na tuliporudi skuli hakuna hata mmoja aliyeweza kunieleza ua aliloliona lilikuwa na sura gani. Nilikuwa nimewapa kazi ya karani. Safari iliyofuata nilichukua kadi moja niliyoichora kwa mkono, yenye umbo moja tu, na tangu hapo sijawahi kuzidisha maumbo matatu kwa matembezi ya siku moja. Majina ya sehemu za mlango huja yenyewe baadaye, kwa sababu mtoto aliyegundua kitu hutaka kuwaambia wenzake kiko wapi, na hapo ndipo neno "mwimo" linapomfaa.

Nianze na samaki, kwa kuwa yeye ndiye mwalimu wangu mkuu katika jambo hili. Sisi watu wazima tukiufikia mlango wa nakshi huinua macho juu, penye kizingiti, kwa kuwa huko ndiko kuliko na aya za Kurani, au mwaka, au ua kubwa la katikati. Mtoto hayuko huko. Macho yake yako karibu na miguu ya miimo, na katika milango mingi nakshi ya mwimo huanzia hapo hapo chini, kwa umbo la samaki au mistari iliyopinda kama mawimbi, kisha hupanda juu kwa mashina, majani na maua mpaka ikutane na kizingiti. Kwa hiyo mtoto mdogo yuko mahali pazuri kuliko sisi pa kuanza kuisoma kazi ya fundi. Kabla hujawapeleka watoto, pita njia yako peke yako, uchutame mbele ya kila mlango unaotaka kuutumia, na uandike yale tu unayoyaona ukiwa umechutama. Utashangaa jinsi orodha yako itakavyobadilika.

Samaki huyo, hata hivyo, hafanani na samaki wa vitabu vya picha. Mara nyingi ameinuka wima, magamba yake yamepangwa kama vigae, na jicho huenda lisiwepo kabisa. Mtoto mmoja atasema ni samaki, mwingine atashikilia kwamba ni nanasi, na wa tatu atasema ni jani. Usiwahi kuamua. Waulize wameona nini kilichowafanya waseme hivyo, kisha unyamaze, kwani katika kubishana huko watoto hurudi mlangoni mara nne au tano kuhesabu magamba na kutafuta mkia, na kila wanaporudi wanaona kitu ambacho hawakukiona mwanzo. Hata wakubwa hubishana kuhusu samaki na nanasi wa milango hii, na sioni sababu ya kuwanyima watoto mjadala huo.

Namna ya kuutangaza mchezo ina uzito wake. Nilijaribu kusema "tafuteni", nikajaribu kuonyesha kadi kimya kimya, na mwisho nikarudi kwenye kile ambacho kila mtoto wetu anakijua tangu nyumbani: kitendawili. Ninasema "Kitendawili!", wanajibu "Tega!", nami natega: "Samaki wangu hajaingia baharini tangu azaliwe." Jibu halisemwi kwa mdomo bali huonyeshwa kwa kidole, na asiyeliona hupewa nafasi nyingine kwenye mlango unaofuata. Wote wakishindwa, wananipa mji kama ilivyo desturi, nami ninaenda Chake Chake na kurudi kabla sijawaonyesha. Kwa misumari ya shaba hutega hivi: "Babu yangu ana vifungo kifuani lakini hana kanzu." Mkitunga vitendawili vyenu, vifanyeni vielekeze kwenye umbo, kwa kuwa kitendawili kinachohitaji elimu ya historia humwacha mtoto akimtazama mwalimu usoni badala ya kuutazama mlango.

Hapo ninafika kwenye suala la maana. Wanaowatembeza wageni husimulia kwamba mnyororo ni ulinzi wa nyumba, samaki ni uzazi na mtende ni neema, na kuhusu misumari husimuliwa kwamba asili yake ni India, ambako ilizuia tembo wasiivunje milango. Baadhi ya maelezo haya yana mizizi, mengine yamenogeshwa kwa kurudiwa, na yote kwa pamoja ni mzigo kwa mtoto wa miaka mitano. Niliwahi kuwasimulia watoto habari ya tembo, wakaifurahia sana, na kwa muda wote uliobaki hawakuitazama misumari tena. Walikuwa wakimtafuta tembo, ambaye kisiwani kwetu hayupo. Hadithi ni tamu zaidi kuliko umbo na itashinda kila mara, kwa hiyo iwekeni mpaka mmerudi skuli.

Watoto wakishauzoea mchezo, kwa kawaida katika safari ya tatu au ya nne, unaweza kuwaonyesha tofauti kati ya mlango na mlango. Swali linalotosha ni hili: kichwa cha mlango kimenyooka au kimepinda? Vizingiti vilivyonyooka ni vya mtindo wa zamani zaidi, na vile vya nusu duara vilienea kuelekea mwisho wa karne ya 19 kwa athari za India, wakati ambao Sultani Sayyid Barghash alitawala, kuanzia 1870 hadi 1888. Milango ya Kigujarati utaitambua kwa mbao zake zilizogawanywa katika miraba midogo yenye misumari. Mtoto hahitaji kuzijua tarehe hizo. Wewe unazihitaji, ili uchague njia yenye milango ya aina zote. Watoto wengi wetu huenda chuoni kusoma Kurani, na kwao maandishi ya kizingitini ni hazina: anayejua alifu na mimu ataitafuta mimu kwa bidii kubwa, ingawa mafundi hukunja herufi mpaka zifanane na majani. Ukikuta mwaka umechongwa, kumbuka kuwa ni wa Hijria. 1306, kwa mfano, ni sawa na 1888 au 1889.

Kuhusu njia na wakati, nina machache. Tokeni mapema, kama saa mbili asubuhi, kwa sababu mbili ambazo hakuna aliyeniambia. Kwanza, milango ya maduka ikishafunguliwa mbao zake huelekea ndani, misumari yote ikapotea, na kinachobaki kuonekana ni miimo na kizingiti tu. Pili, baadaye pikipiki huwa nyingi vichochoroni, na mtoto anayetafuta samaki hasikii honi. Mtu mzima mmoja asichukue zaidi ya watoto watano, na dakika 40 zinatosha. Msilitegemee jumba la Beit al-Ajaib lililojengwa mwaka 1883, kwani sehemu yake iliporomoka mwezi wa Desemba 2020. Isitoshe, milango mikubwa mno haifai kwa mchezo huu, maana nakshi zake nyingi ziko mbali na macho ya mtoto.

Kuna sehemu moja ambayo ninawasihi msiichanganye na mchezo, nayo ni Mkunazini, kwenye kanisa kuu la Anglikana, ambako tangu mwaka 1998 lipo kumbukumbu la utumwa la msanii Clara Sörnäs, lenye sanamu za watu waliofungwa minyororo ndani ya shimo. Ni kazi ya sanaa inayostahili kuonwa na kila mtoto wetu atakapokua. Lakini mtoto aliyetumia asubuhi nzima kushangilia kila alipoona mnyororo wa nakshi mlangoni atashangilia pia akifika pale, na hatutakuwa na haki ya kumkemea, kwa kuwa ndivyo tulivyomfundisha muda mfupi uliopita. Hiyo ni safari ya peke yake, ya watoto wakubwa, na yenye maneno yake.

Jambo ambalo wageni katika kazi hii hulisahau kupita yote ni kwamba mlango una mwenyewe. Tofauti na picha iliyotundikwa makumbusho, mlango huu una watu nyuma yake waliolala, wanaopika au waliofiwa. Siku moja kabla ya matembezi mimi hupita kuomba ruhusa, na siku yenyewe watoto huwaamkia waliokaa barazani kabla hawajautazama mlango, ambapo mara nyingi mzee mmoja hujitolea kuonyesha kitu ambacho mimi nisingekijua. Hatugusi bila kuruhusiwa. Kuweka karatasi juu ya nakshi na kuisugua kwa kalamu kunavutia, lakini huacha rangi kwenye mbao za watu. Mkitaka kufanya hivyo, mwombeni fundi seremala kipande cha nakshi kilichokataliwa, cha msaji au cha mfenesi, mkisugue darasani mpaka mchoke.

Tukirudi skuli siwaambii wachore mlango, kwa kuwa mlango mzima huwashinda na huwavunja moyo. Ninawapa udongo, kila mmoja anafinyanga kile alichokipata, na tunavipanga kwa kufuata mahali vilipokuwa, cha chini chini na cha juu juu. Kisha mchezo unaondoka nao. Wengi wao wanaishi Ng'ambo, yaani mitaa iliyo nje ya Mji Mkongwe, na mashamba, ambako milango ya nakshi ni michache, lakini kuna kanga zenye pindo, kuna mikeka, kofia za kushonwa kwa mkono, na mageti ya chuma yenye maua yaliyochomelewa na mafundi wa mtaani. Wiki moja baada ya matembezi ya kutafuta ua la petali nane, mtoto mmoja alinijia akasema geti la kwao lina ua hilo hilo. Nilipompeleka nyumbani jioni tulisimama getini tukahesabu pamoja, kidole chake kwenye kila petali. Zilikuwa saba, na alitaka kujua ya nane aliichukua nani.