Krenki haipimwi kwa kucha, wadogo zangu

Juzi nimeingia gereji nikamkuta dogo kainamia krenki ya trekta la Massey 135, ile shafti ya injini inayozungushwa na pistoni, anapitisha kucha kwenye pini namba mbili, pale mkono wa pistoni (konrodi) unaposhika, anamwambia mwenye trekta "iko freshi mzee, kucha haikwami, tunapiga msasa tunafunga". Maikromita, kifaa chenyewe cha kupimia unene, iko kwenye boksi lake pale pale mezani, vumbi tupu. Sikumgombeza mbele ya mteja ila tumbo lilinikata, maana sentensi hiyo hiyo niliwahi kuisema mimi, tena kwa kujiamini kuliko yeye. Haya someni, mkinuna shauri yenu.

1. Pima kwanza ndo uongee. Kila pini na kila meini (pale krenki inapolala kwenye bloku), juu-chini na kulia-kushoto, halafu rudia karibu na kona zote mbili za mwisho wa pini uone kama kuna tepa, yani mwisho mmoja mwembamba kuliko mwingine. Pini hailiwi sawasawa kuzunguka, inaliwa zaidi ule upande unaobeba kishindo cha moto, mwisho inakuwa yai. Kucha inajua mikwaruzo, yai hailijui.

2. Hapa ndo penye kidonda. Nilikuwa Kiteto, fundi mdogo, mwezi wa kumi na moja, kila mtu anataka trekta lake shambani kabla mvua haijashika. Mzee mmoja kaleta 135 yake, ile ya injini ya Perkins ya pistoni tatu, inagonga kidogo. Nikafungua, beringi ya konrodi namba mbili imechubuka. Nikapima pini hiyo moja, mara moja, upande mmoja: milimita 57.10. Stendadi yake, saizi ya kiwandani, ni kama 57.12 hivi kwa hiyo nikaona nimemaliza kazi. Mashine shopu, wanakochonga pini zilizoliwa zirudi duara, ilikuwa Arusha, kwenda na kurudi siku nne na foleni juu, na mimi nilitaka sifa ya kumaliza kesho. Nikachukua msasa laini, nikauzungushia kamba ya kiatu, dizeli kidogo, nikavuta mpaka pini ikawa kama kioo bana, nikafunga beringi stendadi mpya. Ikawaka. Geji ya oili ikapanda vizuri nikamwita mzee aje aone mwenyewe, nikapiga na honi kabisa. Sikumwambia kwamba oili ya baridi ni nzito, inaficha nafasi iliyozidi kati ya pini na beringi. Sikumwambia kwa sababu sikujua.

Siku ya tatu akapiga simu, jua likiwa kali na plau imezama geji inashuka. Nikamjibu weka oili namba 50. Yani badala ya kumwambia zima! Akaweka, geji ikatulia, akalima siku mbili zaidi halafu konrodi ikatoka nje kupitia ubavu wa bloku. Mzee hakufoka, ndo kilichoniumiza. Alikuja na kipande cha bloku kwenye mfuko wa rambo akakiweka mezani, akaniuliza "hiki nacho kinapigwa msasa?" Nilipopima pini namba moja ambayo haikuguswa nikakuta 57.09 upande huu na 57.01 ule mwingine. Ile namba mbili ilikuwa haina tena cha kupima. Hela ya kuchonga ningeweza kuilipa kwa ujira wa wiki chache, bloku na krenki nyingine nimezilipa msimu mzima kwa kufanya kazi bure, na mpaka leo nikipita ile njia nageuza uso.

3. Pini moja ikihitaji kuchongwa, za konrodi zote zinashuka saizi moja. Usimlilie mteja eti mbili bado nzima.

4. Geuza beringi za zamani usome mgongoni. Ukikuta 030, yani pini imeshapunguzwa inchi 0.030, ujue ya kumi na ya ishirini zilishapita, hapo anza kuulizia krenki nyingine.

5. Beringi zinanunuliwa baada ya krenki kurudi na WEWE kuipima tena. Kuna mmoja hapa alinunua za 020 mapema kisa zilikuwa bei poa, krenki ilikuwa inatosha kabisa kwa 010, ikabidi ichongwe hadi ishirini ili ifuate boksi. Umri wa krenki ya watu umekatwa hivi hivi.

6. Mwambie mchongaji asiue ule mviringo wa kona, kona kali ndo mwanzo wa ufa. Ikirudi safisha njia za oili mpaka uone mwanga upande wa pili. Na krenki zilizogumishwa ngozi kwa nitrojeni, ukichonga unaipunguza au unaitoa kabisa hiyo ngozi, uliza kama inabidi zigumishwe upya.

7. Na kama vipimo vyote viko ndani ya stendadi, acha kuchonga! Kuna wengine nao wakiona krenki tu washaifunga kwenye gunia kuipeleka mashine.

Yule dogo nilimsubiri mzee aende kunywa chai, nikampa maikromita. Kapima, kageuza, kapima. 57.10 huku, 57.03 kule. Akaniangalia kama mimi ndo nimeila. Akafuta mikono, akatoka kwenda kumfuata mzee mgahawani.